Foleni ya Darajani

Tulimwacha Mwalimu mlangoni pa chumba cha baba yake, sinia la chai mkononi, masikio yamemsimama. Baba yake mzazi, Sajini mstaafu, ambaye tangu kiharusi kimwangushe hakuwahi kutamka neno likaeleweka, alikuwa anaongea. Anaongea vizuri, bila kukwama, na yule muuguzi aliyeinama karibu na mto wake. Na lugha aliyoongea haikuwa ya nyumba ile, wala ya mtaa ule, wala ya nchi ile.

Ilikuwa lugha ya ng'ambo. Lugha ya kule vitani.

Sinia halikuanguka. Mwalimu alilishika barabara, akarudi nyuma kidogo, akasikiliza.

Kwa aliyejiunga nasi leo, inabidi aelewe kwa nini moyo ulimwenda mbio mwanamke yule. Sajini alipigana ng'ambo akiwa kijana, katika vita ambavyo hadi leo vikitajwa mezani, meza inagawanyika. Wapo wanaosema jeshi letu lilivuka bahari kwenda kuokoa raia waliokuwa wakichinjwa na mtawala wao. Wapo wanaosema lilikwenda kuwashikia wakubwa mlango wakati wanagawana bandari ya watu. Sajini hakuwahi kuingia kwenye ubishi huo. Ukimuuliza alikuwa na jibu moja tu: alikwenda, akalinda daraja, akarudi, na hata neno la kuombea maji kwa lugha yao hakulijua.

Mwalimu alikulia ndani ya jibu hilo. Alipokuja kuwa mwalimu wa historia alilikuta tena kwenye kitabu cha kiada, limevaa suti: Mapigano ya Darajani. Pembeni yake mchoro wa askari mmoja aliyesimama peke yake huku kundi la waasi likimjia na bunduki. Kila mwaka akifika ukurasa huo, darasa zima lilimgeukia. Mji mzima ulijua yule wa kwenye mchoro ni baba wa nani.

Sasa yule wa kwenye mchoro alikuwa kitandani, anamwaga lugha asiyoijua.

Mwalimu akakohoa, akaingia. Mzee akanyamaza palepale, kama redio iliyokatiwa umeme. Muuguzi akajinyoosha, akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Alikuwa anasema nini?"

"Anaomba dirisha lifunguliwe," alisema Muuguzi.

Dirisha lilikuwa wazi. Pazia lilikuwa linapepea mbele ya macho yao wote wawili.

Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba amesikia, na kwamba ile haikuwa sauti ya mtu anayeomba dirisha. Muuguzi akajibu kuwa wagonjwa wa kiharusi huchanganya maneno, asiyatilie maanani, kisha akabeba beseni akapita zake. Hakumtazama usoni.

Mwalimu akabaki na baba yake. Akamsemesha. Mzee akafungua mdomo, akajitahidi mpaka mshipa ukamtoka shingoni, ikatoka ile ile "eh" ya kila siku. Lugha ya mama yake ilikuwa imemtoroka. Ile ya kule ilikuwa imebaki.

Ndipo mashaka yakaanza kumtambaa. Akachukua dawa za mzee moja moja, akazigeuza, akanusa chupa, akatazama kama kuna iliyofunguliwa kienyeji. Hakuona kitu. Lakini akakumbuka jinsi Muuguzi alivyoingia katika nyumba yao. Hakuletwa na mtu. Siku mzee anaruhusiwa hospitali, dada huyu alijitokeza mwenyewe wodini, mpole, mikono myepesi, akasema anatafuta kazi ya kuhudumia mgonjwa nyumbani. Familia ilikuwa hoi. Nani angemuuliza mtu kama huyo ametoka wapi?

Aliposema ametoka mbali, walidhani anasema habari ya basi.

Mwalimu akaenda jikoni, akafunga mlango, akampigia kaka yake.

Huyu kaka, nyumbani walimwita Mheshimiwa tangu akiwa shule ya msingi, kwa kuwa hata kwenda dukani kununua chumvi alichomekea shati. Jina likawa la kweli. Sasa alikuwa diwani wa halmashauri, mwenyekiti wa kamati ya maadhimisho ya vita, na Jumamosi ile daraja jipya la mjini lilikuwa lipewe jina la Sajini mbele ya wageni wakubwa.

Mwalimu akaanza kumweleza mashaka yake juu ya muuguzi. Hakufika hata pale pa baba kuongea.

"Mfukuze huyo mwanamke," Mheshimiwa alisema. "Leo hii. Watu wa kule hawawezi kututakia mema."

Bomba la maji lilikuwa linadondosha tone, tone.

"Kaka, nani amekwambia ni mtu wa kule?"

Mheshimiwa akasema mtandao unasumbua, kisha akasema ana mkutano, kisha simu ikakatika. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Mwalimu alitazama simu yake na mistari yake yote ikiwa imejaa.

Hapo akawa na watu wawili wa kuwashuku badala ya mmoja, na wa pili alikuwa damu yake.

Hakumfukuza mtu. Alivaa viatu, akatoka.

Mtu pekee mjini aliyekuwa pamoja na Sajini kule darajani ni yule waliyemwita Koplo. Alikuwa fundi wa majokofu, na karakana yake ilijaa majokofu yaliyofunguliwa milango, mabomba yake nje kama matumbo. Koplo alikuwa amepiga magoti nyuma ya moja, anasikiliza mota kwa sikio lililobanwa kwenye bati.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu?"

Mwalimu hakuzunguka. Akamuuliza kama baba aliijua lugha ya kule.

Koplo akacheka kidogo, akafuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Akasema aliijua mno, zaidi yao wote. Kazi yake ilikuwa nini basi, kama si kuongea na foleni?

"Foleni gani?"

Koplo akaona ameshateleza. Akasimama, akaenda kurudisha mlango wa karakana, akakaa juu ya kreti.

Akamuuliza kama anataka habari ile ya kitabuni, maana ile ni nzuri na ameshaizoea. Mwalimu akasema ameifundisha miaka mingi, sasa anataka nyingine.

Hivyo Koplo akasimulia, macho yake yakiwa kwenye bisibisi. Darajani hapakuwa na waasi. Palikuwa na kizuizi, na mbele ya kizuizi foleni ya watu wanaokimbia mji wao, na vyerehani vyao, na magodoro, na wagonjwa kwenye mikokoteni. Kila siku Sajini aliwavusha kidogo kidogo. Alijifunza lugha yao kwa kuwaambia subirini, mmoja mmoja, mtoto apite kwanza. Walimpenda. Walimpa jina.

Siku moja jioni daraja lilifungwa kabla foleni haijaisha. Sajini akapanda juu ya gari, akawaambia kwa lugha yao warudi wakalale, waje asubuhi, atawavusha wote. Wakamwamini, wakarudi.

"Asubuhi wakaja," alisema Koplo. "Amri ilikuwa imebadilika. Kwamba adui amejichanganya na raia, na anayekanyaga daraja ni adui. Bunduki kubwa zilikuwa upande wetu wa mto, mwanangu. Si upande wao."

Mwalimu alihisi baridi, na hakuna jokofu hata moja lililokuwa limewashwa isipokuwa lile alilokuwa akilisikiliza Koplo.

Akauliza kama kweli kulikuwa na adui kwenye foleni. Koplo akasema hajui, huenda alikuwepo mmoja, huenda hakuwepo hata huyo. Akauliza tena: sasa walikwenda kumwokoa nani? Koplo akasema hilo awaulize waliowatuma. Wao walipandishwa meli, wakapewa biskuti ngumu na wimbo wa kuimba.

"Baba alijua? Alipowaambia waje asubuhi, alijua..."

"Hakujua." Koplo alijibu kabla swali halijafika mwisho. "Redio ilikufa usiku ule. Mimi ndiye niliyekuwa na redio, ilikufa mkononi mwangu. Hatukupata ujumbe. Si yeye, si mimi."

Lilikuwa jibu zuri, jibu ambalo binti yeyote angeondoka nalo akiwa amelikumbatia. Lakini Mwalimu alikuwa amesahihisha mitihani maisha yake yote, na anajua mwanafunzi aliyekariri anavyojibu. Hafikirii. Anatema.

Akamwomba Koplo aje nyumbani kesho yake mchana kumjulia hali mzee. Asiseme kama anaijua lugha ile. Akae tu asikilize mzee anaongea nini na muuguzi. Koplo alisitasita, akataja jokofu la mteja, akataja mgongo. Mwishowe akakubali, labda kwa sababu kukataa kungeonekana vibaya zaidi.

Mwalimu aliporudi alimkuta Muuguzi anamkata mzee kucha. Mara hii hakuuliza habari ya dirisha.

"Dada, ulikuwa kwenye foleni?"

Mkasi ukasimama hewani. Muuguzi akaumalizia ukucha uliobaki, akakusanya vipande kwenye karatasi, akaikunja. Kisha akasema ndiyo.

Alikuwa mtoto wa shule, ameshikwa mkono na mama yake mkubwa aliyemlea. Akasema Mwalimu asidhani kwao kulikuwa peponi. Mtawala wao alikuwa mtu mbaya, alimchukua baba yake na hakumrudisha. Meli za jeshi hili zilipotia nanga, mtaa wao ulitoka barabarani kushangilia, mama mkubwa akaning'iniza mashuka meupe dirishani, yale mazuri ya wageni. "Ndiyo maana tulimwamini askari wa darajani," alisema. "Mtu humwamini aliyemshangilia."

Mama mkubwa alibaki juu ya daraja. Yeye alivutwa na mtu asiyemjua, akaishia kambini, halafu nchi moja, halafu nyingine, halafu huku.

Mwalimu akamuuliza alimpataje Sajini. Hapo Muuguzi akatikisa kichwa. Hakumtafuta. Ni mzee aliyemtafuta yeye. Kabla ya kiharusi alikuwa akija kituo cha afya alichokuwa akifanya kazi, anapimwa presha ambayo haikuwa na shida yoyote, wiki baada ya wiki, amekaa kwenye benchi anawatazama wauguzi. Siku moja akamsemesha kwa lugha ya kwao. Akamwambia, njoo nyumbani kwangu Jumapili, nina jambo la kukwambia wewe na watu wako wote. Jumapili alipokuja, jirani akamwambia mzee alianguka jana yake, yuko hospitali.

"Kwa hiyo ukaja kumsubiri azungumze."

"Nimekuja kumsikia," alisema Muuguzi. "Kumlisha na kumgeuza nimefanya kama ninavyowafanyia wagonjwa wangu wote. Kama unashuku dawa, zihesabu. Nilikuona ukizinusa."

Mwalimu aliona aibu, lakini aibu haikufuta mashaka. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Baba yake anataka kusema jambo kubwa kabla hajafa. Lugha pekee iliyobaki kinywani mwake ni ya watu aliowaumiza. Na mtu pekee nyumbani wa kuitafsiri ni mwanamke mwenye kila sababu ya kuigeuza.

Kesho yake mchana Koplo akaja, kanyoa ndevu, kavaa shati la maziko. Mwalimu akamtambulisha kama rafiki wa zamani wa baba, basi. Akamketisha kiti cha karibu na kabati, akamketisha Muuguzi upande wa pili wa kitanda, yeye akasimama katikati.

Sajini akageuza kichwa kwenye mto. Akamwona Koplo.

Uso wake ule uliopooza nusu ukafanya kitu ambacho Mwalimu hakuwahi kukiona. Mzee akaanza kusema. Hakusema haraka, alisema kwa kituo, kama mtu anayetoa ushahidi amesimama.

"Anasema redio ilikuwa nzima," alisema Muuguzi.

Mwalimu akamtazama Koplo. Koplo akatazama dari.

Sajini akaendelea. Muuguzi akafuata nyuma yake, sauti yake haina joto wala baridi: "Anasema redio haikufa. Ujumbe uliingia usiku, na walikuwa macho wote wawili."

Hapo Koplo akasahau maagizo yote aliyopewa. Akainuka, akashika chuma cha kitanda, akamjibu mzee. Akamjibu kwa lugha ile ile ya ng'ambo, kwa ukali, maneno yakigongana, kidole kikitikisika juu ya kifua cha mgonjwa. Muuguzi alirudi nyuma mpaka ukutani. Hakuna aliyemwambia kwamba mgeni huyu naye alikuwa kule.

"Anamwambia nini?" Mwalimu aliuliza. "Dada. Anamwambia nini?"

Muuguzi akajibu bila kubanduka ukutani.

"Anamwambia, tulikubaliana. Tulikubaliana tuseme redio ilikufa."

Koplo akakaa chini. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akasema, sasa kwa lugha ya nyumbani, kwamba walikuwa vijana, kwamba amri ni amri, kwamba wangekwenda kuwaonya wangepigwa risasi na wakubwa wao wenyewe. Akasema wao walirudi na makaburi vichwani, na nchi ikawapa kitabu, wakakipokea. Wangefanya nini? Nani alitaka kusikia kingine?

Mwalimu alikuwa anamtazama baba yake. Jana alipotoka karakana alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kushikilia, kwamba mzee hakujua. Sasa hicho nacho kilikwenda. Akawaza madarasa yote aliyoyasimamia, watoto wote waliochora ule mchoro kwenye mtihani na yeye akawawekea vema.

Muuguzi akasogea kitandani. Akavuta kiti, akakaa, akaushika mkono wa mzee ulio mzima kama anavyoushika akitaka kumpima mapigo. Akamuuliza kitu. Swali lake lilikuwa fupi.

Kwa Mwalimu akalitafsiri bila kuombwa: "Nimemuuliza, ulikuwa na usiku mzima. Kwa nini hukuja kutuambia?"

Sajini akafumba macho. Mwalimu akadhani amelala. Kisha akajibu, na jibu lilikuwa refu, lenye vituo, na mara mbili katikati yake Koplo alifunika uso. Machozi yalimtoka mzee kwa jicho moja, lile linalofanya kazi.

Muuguzi akauachia mkono. Akauweka juu ya shuka polepole, akauweka vizuri, akasimama. Akachukua begi lake nyuma ya mlango, akaanza kuingiza vitu vyake, kanzu ya kazi, ndala, kipimo cha presha.

"Amesema nini?"

"Hilo sitalitafsiri."

"Dada, huyu ni baba yangu. Nina haki."

"Muulize kaka yako," alisema Muuguzi. "Baba yenu anasema alishamwambia yote. Siku ile aliyoanguka."

Mwalimu akamgeukia Koplo. Koplo akatikisa kichwa, akasema hata akikatwa hasemi.

Na hapo honi ikalia nje.

Mheshimiwa hakuwa peke yake. Alishuka garini na tai mpya, nyuma yake mtangazaji wa televisheni mwenye kipaza sauti, na mpiga picha aliyebeba kamera begani, na nyaya. Waliingia sebuleni, wakaingia mpaka chumbani, wakawasha taa kubwa iliyomfanya mzee akunje uso. Mheshimiwa alikuwa anawapanga watu kama viti. Koplo akae hapa, mshikamano wa wapiganaji. Mwalimu asimame pale. Huyo mama mwenye begi atoke kwenye picha.

Mwalimu akamshika kaka yake mkono, akamvutia kwenye korido.

"Baba alikuambia."

Mheshimiwa akatazama saa. Akasema hawana muda, taarifa ya habari inaanza, wataingia moja kwa moja.

"Alikuambia siku ile aliyoanguka. Mligombana?"

Mheshimiwa akainyoosha tai iliyokuwa imenyooka. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alimwona yule mtoto wa shati la kuchomekea, anayeogopa kuchafuka.

"Aliniambia amempata muuguzi wa kule, na alitaka kwenda kusimama Jumamosi mbele ya wageni wote na kusema vile," alisema. "Nilimwambia atatuua. Nilimwambia watu wa kule wameshazikwa, sisi tuko hai. Nilipaza sauti, basi. Kupaza sauti si dhambi. Sikumgusa."

"Alianguka mbele yako."

"Dada, tafadhali. Mzee haongei. Atakaa pale, atashikana mkono na Koplo, mimi nitamsemea. Imekwisha."

Akarudi ndani. Hakujua. Katika watu wote waliokuwa ndani ya nyumba ile, Mheshimiwa peke yake ndiye aliyekuwa bado anaamini kwamba mzee haongei. Jana simu aliikata kabla dada yake hajafika hapo, na kilichomtisha ni yule mwanamke, si mdomo wa baba yake.

Mwalimu angeweza kumwambia. Alisimama koridoni, akaona kabisa kwamba angeweza. Hakumwambia.

Mtangazaji akahesabu kwa vidole, taa nyekundu ya kamera ikawaka. Mheshimiwa akatoa maneno yake ya utangulizi kuhusu ushujaa, kuhusu taifa lililojitolea damu yake kwa ajili ya wengine, na jinsi mzee, ingawa maradhi yamemnyang'anya sauti, moyo wake bado unasema. Mtangazaji, kwa adabu tu, akainama akamsogezea mzee kipaza sauti.

"Mzee wetu, shikamoo. Siku ile darajani, ulikuwa unawaza nini?"

Sajini akasema.

Alisema sentensi moja, kwa sauti iliyosikika vizuri, kwa lugha ya ng'ambo.

Mtangazaji akashtuka, kisha akafurahi, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Uso wa Mheshimiwa ukabaki na tabasamu ambalo halikuwa na mwenyewe. Mtangazaji akageuka chumbani kote, akauliza nani hapa anaielewa lugha hii, watazamaji wanasubiri.

Koplo alikuwa ameshaanza kunyanyua mkono. Mwalimu akauona mkono ule unapanda, akajua ungesema nini: redio ilikufa. Ungelisema tena, mbele ya nchi nzima, na safari hii lingeganda milele.

"Mimi," alisema Mwalimu.

Hakujua hata neno moja. Neno la maji hakulijua. Lakini alijua kilichotokea, na alikuwa na sauti ya kukituliza chumba, sauti aliyoitumia darasani maisha yake yote. Kipaza sauti kikamjia. Vidole vya kaka yake vikamshika kiwiko kwa nyuma, vikabana mpaka mfupa ukalalamika.

"Baba yangu anasema," alianza, "kwamba darajani hapakuwa na vita. Palikuwa na foleni ya watu, na sisi ndio tuliowapiga. Anasema alijua tangu usiku. Na anaomba radhi."

Mtangazaji akabaki mdomo wazi. Vidole kwenye kiwiko vikalegea. Koplo akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Kitandani Sajini alimtazama binti yake, na Mwalimu hakuweza kusoma kama lile lilikuwa shukrani au kitu kingine.

Kisha kutoka mlangoni, nje ya picha, begi likawekwa sakafuni. Muuguzi akaingia kwenye mwanga wa taa ile kubwa.

"Hapana," alisema. "Hakusema hivyo."